Umeme ukirudi ndipo vyombo huungua

Msomaji wetu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, anauliza:

"Nina kompyuta mbili za mezani, printa moja ya leza, mashine ya fotokopi na ruta ya intaneti. Msimu wa mvua umeme unakatika na kurudi hata mara tatu ndani ya dakika moja. Mwezi uliopita ruta iliungua, na pawa saplai ya kompyuta moja ikafa siku ile ile. Nina UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ya VA 650 niliyoinunua miaka mitatu iliyopita, na vyote nimevichomeka hapo isipokuwa fotokopi. Zamani ilinipa kama robo saa. Sasa inapiga kelele na kuzima kabla sijahifadhi kazi ya mteja. Ninunue UPS kubwa zaidi, jenereta, au inveta na betri? Pesa zangu si nyingi. Na usiku nikifunga duka, UPS niiache au niizime?"

Dada yangu, pole kwa hasara. Kabla hujatoa shilingi yoyote, tazama tena yaliyotokea siku ile. Umeme ukikatika, unaopotea ni ukurasa ambao hujauhifadhi. Ruta na pawa saplai huungua umeme unaporudi. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye kuzuia umeme mbaya usiingie dukani, na ya pili kwenye betri ya kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Jenereta na inveta, yaani mambo ya kufanya kazi saa nne bila umeme wa mtaani, zingoje zamu yake. Ukizitanguliza, utakuwa umeongeza tu idadi ya vyombo vinavyoweza kuungua.

Huo mchezo wa kukatika na kurudi mara tatu una sababu yake. Kwenye laini za kilovolti 33 na 11 zinazolisha miji yetu kuna swichi zinazojirudisha zenyewe. Tawi la mti likigusa waya, swichi inakata, inangoja sekunde chache, kisha inajaribu kurudisha umeme. Tawi likiwa limeshaanguka chini, umeme unaendelea. Likiwa bado lipo, inakata tena. Ikijaribu mara kadhaa ikashindwa, inakata kabisa mpaka mafundi waje. Sasa fikiria kila jaribio linachokikuta: mtaa mzima una friji, pampu za maji, mashine za kusaga na za kuchomelea ambazo hakuna aliyezizima. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, na hizi zote zinaanza kwa pamoja. Volti zinaporomoka, halafu mzigo ukiondoka ghafla zinaruka. Ruta yako ilikuwa inapokea mapigo hayo yote huku katikati kukiwa na ile UPS ndogo tu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu naulizwa kila mahali: mbona tuna mabwawa ya umeme, Bujagali ya megawati 250, Isimba ya 183, na sasa Karuma ya 600 iliyozinduliwa mwaka 2024, na bado taa zinazima? Uganda leo ina mitambo ya zaidi ya megawati 2,000. Shida yako iko kwenye nguzo, waya na transfoma zilizo kati ya kituo cha kupozea umeme na mlango wa duka. Kazi hiyo ya usambazaji imekuwa mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, tangu tarehe 1 Aprili 2025, mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme ulipokwisha. Lakini nguzo ni zile zile, na miti iliyo juu yake ni ile ile.

Kuna jambo moja baya zaidi ya hayo, nalo ni kukatika kwa nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Umeme wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu zenye umeme, una volti 415 kati ya fezi na fezi, na volti 240 kati ya fezi moja na nyutro. Duka lako linatumia fezi moja. Waya wa nyutro ukilegea kwenye nguzo au ukakatika, wateja walio kwenye fezi tofauti hujikuta wameunganishwa kwa mfuatano, na zile volti 415 wanagawana bila usawa. Mwenye mzigo mkubwa anapata volti chache. Mwenye mzigo mdogo, na huenda ukawa wewe mwenye kompyuta mbili, anapata volti 300 na zaidi. Dalili yake inaonekana kwenye taa: zako zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia, au kinyume chake. Siku ukiona hivyo usianze kuchomoa kimoja kimoja. Zima swichi kuu palepale, kisha ripoti UEDCL na uandike namba ya ripoti yako. Namba hiyo utaihitaji ukitaka kudai fidia, na pia ukilazimika kulifikisha lalamiko kwa msimamizi wa sekta ya umeme, yaani ERA.

Sasa tuje kwenye kinga, na naanza na kitu ambacho wenye maduka hawapendi kukisikia kwa sababu hakionekani: erthi. Weka mgongo wa kidole kwenye kasha la chuma la kompyuta ikiwa imewashwa. Ukihisi kitekenyo au mtetemo mwembamba, waya wa erthi haupo au umekatika mahali fulani. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio kinachomwaga mkondo mdogo kwenye kasha, ili uende ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Pini hiyo ikiwa haijaunganishwa na kitu, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini ujumbe wake ni mkubwa. Ekstensheni zenye kinga ya mawimbi ya umeme, na hata kinga iliyo ndani ya UPS, hutegemea njia hiyo hiyo kumwaga sehemu ya umeme uliozidi. Bila erthi, nusu ya kinga uliyolipia haifanyi kazi. Tafuta fundi mwenye kibali cha ERA aje na kipimo cha erthi, akague fimbo iliyochimbiwa ardhini na waya unaotoka pale hadi kwenye soketi. Akikuambia maneno tu bila kupima, mlipe nauli umtafute mwingine. Pia tupa adapta zote za pini mbili na ekstensheni zisizo na erthi. Nimezikuta kwenye maduka mengi zikiwa zimejificha nyuma ya meza, zikibatilisha kazi nzuri iliyofanyika ukutani.

Erthi ikishakuwa sawa, nunua gadi. Nazungumzia kile kiboksi ambacho wauza vyombo huita gadi ya friji au gadi ya TV. Kazi yake ni mbili: kukata volti zinaposhuka au kupanda kupita mipaka, na kungoja muda fulani baada ya umeme kurudi kabla ya kuupitisha. Huo muda wa kungoja ndio unaokuokoa na ule mchezo wa mara tatu, kwa sababu laini inapojaribu na kushindwa, vyombo vyako havijui lolote. Ila chagua kwa makini. Gadi ya friji hungoja dakika kadhaa ili kompresa ipumzike, na hilo ni zuri kwa friji na halina madhara kwa fotokopi. Kwa gadi inayokaa mbele ya UPS, chukua ile ya kungoja kama nusu dakika. Sababu ni kwamba wakati gadi inangoja, UPS inakula betri, na kila umeme unapokatika tena hesabu ya kungoja inaanza upya. Gadi ya dakika tano mbele ya betri dhaifu itakuzimia kompyuta huku umeme ukiwa umesharudi mtaani. Mpangilio uwe hivi: ukuta, gadi, UPS, kompyuta. Printa ya leza na fotokopi zipate gadi yao pembeni, yenye uwezo wa ampea 13, na zisipite kwenye UPS kabisa.

Hapo kwenye printa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri zaidi. Printa ya leza ikiwa imetulia hula wati chache tu, kwa hiyo mtu anaona haina neno. Lakini ndani yake kuna roli inayochomwa moto ili kuyeyusha wino wa unga ushike kwenye karatasi, na kila inapopashwa inavuta wati mia kadhaa, kwa mashine nyingine hata wati 1,000 na zaidi, kwa mapigo mafupi. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 tu. Herufi VA kwenye boksi hazimaanishi wati, na muuzaji asiyekueleza hivyo anakuuzia namba kubwa. Umeme ukikatika wakati printa inatoa kurasa, UPS inazidiwa na kuzima palepale, na kompyuta zote mbili zinaanguka nayo. Ichomoe leo hii. Ukitaka kuchapa wakati wa giza, nunua printa ya wino wa maji yenye matangi. Inakula wati kama 15 au 20 ikichapa, na hiyo UPS yoyote inaibeba bila kulalamika.

Sasa UPS yenyewe. Karibu hakika haijaharibika. Betri yake ndiyo imechoka. Ndani ya UPS nyingi za VA 650 mna betri moja ya risasi na asidi, iliyofungwa, ya volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha: wati-saa 84. Lakini betri hizi zikinyonywa haraka hazitoi zote, na UPS nayo inapoteza kiasi katika kugeuza umeme, kwa hiyo kinachofika kwenye kompyuta ni kama nusu. Kompyuta zako mbili pamoja na skrini na ruta tuziweke kwenye wati 190. Gawanya wati-saa 42 kwa 190, unapata dakika 13. Robo saa uliyokuwa ukiipata ilikuwa ndiyo uwezo halali wa betri mpya.

Kinachoziua betri hizi kwetu ni vitu viwili. Cha kwanza ni joto. Betri ya aina hii huishi miaka mitatu hadi mitano kwenye nyuzi 20 hadi 25, na kila joto likizidi kwa nyuzi kama 10, umri wake unapungua karibu kwa nusu. UPS iliyobanwa chini ya meza, kati ya kasha la kompyuta na maboksi ya karatasi, inajipika yenyewe. Cha pili ni kubaki bila chaji. Ikishuka hadi mwisho, chaja ndogo ya UPS inahitaji saa sita, nane, kuijaza tena. Siku yenye kukatika mara nne haipati nafasi hiyo, na betri ya risasi ikikaa nusu tupu kwa muda mrefu hujenga ugumu kwenye sahani zake ambao chaji haiuondoi tena.

Kwa hiyo badili betri, usibadili UPS. Bei ya betri ni ndogo sana ukilinganisha na UPS mpya. Nenda nayo ile ya zamani dukani ili vipimo na vituo vya waya vifanane. Angalia tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka. Mwambie muuzaji aipime mbele yako: bila mzigo isome angalau volti 12.6. Betri iliyovimba ubavu usiichukue, na kama yako imevimba, itoe haraka. Ile ya zamani ina risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Wapelekee wanaokusanya betri za magari kwa ajili ya kuyeyushwa upya kiwandani, na usikubali mtu aipasue uani.

Fundi mmoja au wawili watakushauri uunganishe betri ya gari nje ya UPS ili ikae saa tatu. Kataa. Sehemu za ndani za UPS ndogo zimeundwa kubeba mzigo kwa dakika, na zikilazimishwa kwa saa nyingi zinapata joto ambalo hazikujengewa kulitoa. Chaja yake haina nguvu ya kuijaza betri kubwa. Na betri ya gari ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, ndani ya chumba chenye karatasi tupu.

Ukishabadili betri, ichaji usiku kucha, kisha ijaribu ukiwa na kazi iliyohifadhiwa. Zima swichi ya soketi ukutani, usichomoe plagi. Soketi zetu za pini tatu zikizimwa hukata laivu na kuacha erthi ikiwa imeunganishwa, na ndivyo tunavyotaka. Hesabu dakika. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi mitatu, uandike kwenye daftari la duka. Ikifika siku dakika zimepungua nusu, anza kutafuta pesa ya betri nyingine. Kama UPS yako ina tundu la USB, unganisha waya wake na kompyuta moja. Windows huiona UPS nyingi kama betri ya laptopu, na unaweza kuiagiza ihifadhi na kujizima yenyewe chaji ikishuka, hata kama umetoka kwenda kula. Kazi za wateja zinakiliwe pia kwenye diski ya nje ambayo hukai nayo imechomekwa.

Na ikiwa siku moja utabadili kompyuta, badili moja iwe laptopu. Ina betri yake ndani, inakula theluthi ya umeme wa kompyuta ya mezani, na UPS yako itapata kupumua. Ruta nayo ina UPS zake ndogo za volti 12, za ukubwa wa kiganja, zinazoilisha moja kwa moja kwa saa kadhaa. Thibitisha tu kwamba volti na plagi yake ni sawa na zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta.

Jenereta nitaipitia haraka. Vile vijenereta vidogo vya petroli vya bei rahisi vina volti na kasi inayoyumba, na UPS nyingi huukataa umeme huo na kuendelea kula betri huku jenereta ikinguruma nje. Kama lazima, tafuta ya aina ya inveta, ambayo umeme wake umetulia. Ikae nje kabisa, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na isiunganishwe kamwe na soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili: umeme huo unapanda hadi kwenye transfoma, unaongezwa hadi maelfu ya volti, na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Swichi ya kubadilisha kati ya laini na jenereta, iliyofungwa na fundi mwenye kibali, ndiyo njia pekee.

Kwa duka kama lako mimi ningechagua inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri zake, pesa zikipatikana. Kwa wati 190 kwa saa nne unahitaji wati-saa 760, na ukiweka upotevu, karibu 900. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo utahitaji mbili. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma yenye ukubwa huo huo inaruhusu kutumia asilimia 80 bila kuumia, kwa hiyo moja inatosha. Bei yake ya kwanza inauma, ila inastahimili mara nyingi zaidi za kuchaji na kutumia, na kwa umeme wetu unaokatika kila mara hapo ndipo faida ilipo. Sisitiza inveta ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa mtaani. Zile za wimbi la ngazi hupasha mota joto, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hujizima zikikutana nazo. Fundi akishafunga, mwombe akuonyeshe kwenye menyu kwamba imewekwa kwenye hali ya UPS: hapo hubadilisha ndani ya milisekunde kama 10, na pawa saplai nzuri hustahimili hadi kama 16. Kwenye hali ya vyombo vya nyumbani inachelewa hadi 20 au zaidi, na kompyuta itajiwasha upya kila umeme unapokatika. Paneli za sola unaweza kuziongeza baadaye kama inveta inazikubali. Uliza kabla ya kulipa.

Kuhusu usiku: iache UPS imechomekwa na soketi imewashwa, uzime kompyuta, kisha uzime kitufe cha UPS. UPS nyingi huendelea kuchaji hivyo, na betri inapata zile saa ambazo mchana haipati. Isipokuwa usiku wa radi. Eneo letu lote, kuanzia Ziwa Victoria hadi miguuni mwa Elgon, lina radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, na radi ikipiga nguzo ya karibu hakuna gadi wala UPS itakayohimili. Wingu likianza kujikusanya, chomoa plagi zote, chomoa waya wa mtandao unaoingia kwenye ruta na wa antena kama upo, kwa sababu radi huingia pia kwa njia hizo. Fanya hivyo mapema. Ngurumo zikishakuwa juu ya paa, usiguse waya wowote. Zima taa, funga mlango, uende nyumbani mvua ikitulia.